Jozi ya Sita

Kitabu cha sheria za basketi kilikuwa chembamba kuliko katekisimu, na sijawahi kushika kitabu kilichonisumbua kama kile. Kilikuwa cha Kifaransa, jalada lake limeliwa na mende, na timu yetu nzima ya Gisenyi ilikuwa na mtu mmoja tu wa kukisoma. Mtu huyo nilikuwa mimi, fundi cherehani wa miaka ishirini na mmoja. Baba yangu, Mwislamu wa ukoo wa wachuuzi, alinipeleka shule ya misheni nipate hesabu na Kifaransa, kisha akanitoa mara tu waliponianzishia sala zao. Kifaransa changu kilikuwa cha viraka, lakini wenzangu hawakuwa hata na kiraka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mbelgiji bado anatawala, na mchezo wenyewe ulikuwa mgeni kwetu. Furere, ndivyo tulivyowaita watawa wa kiume wa Kizungu, alikuwa amemwaga saruji kwenye uwanja wa shule yake, akasimamisha milingoti miwili, na kila Jumapili alasiri yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Mimi aliniweka mezani pembeni ya uwanja: niandike majina, nihesabu makosa, nipokee anayeingia na anayetoka. Juu ya hayo nikawa mfasiri wa sheria kwa kila mwenye kinywa.

Na vinywa vilikuwa vingi! Niliwaambia timu haianzi mechi bila watu watano. Wakaniuliza, je, kama wa tano anaonekana kule barabarani anakuja? Niliwaambia anayetoka kwa kubadilishwa anaweza kurudi, lakini anayefikisha makosa matano harudi tena siku hiyo. Hilo ndilo lililowachoma. Jumapili moja mjomba wa mchezaji wetu, mzee wa heshima na kanzu yake, alikuja mpaka mbele ya daftari langu, kijana wake kasimama nyuma kainamisha kichwa.

"Alikosa, ni kweli," mzee akasema. "Lakini ameomba musamaha kwa ule aliyemusukuma. Wamepeana mukono. Sasa we futa, anaingia."

"Mzee wangu, kitabu hakina msamaha."

"Yewe! Basi ni kitabu cha watu gani hicho?"

Nilikasirika tu, kwa sababu watu wote walinitazama kana kwamba sheria zile nimezishona mimi kwa cherehani yangu.

Lakini taabu kubwa haikuwa kitabuni, ilikuwa miguuni. Furere aliipenda saruji yake kupita kiasi, na alitoa amri ambayo haikuandikwa popote: hakuna kucheza miguu mitupu. Alisema vumbi kali la mawe ya volkano linachubua nyayo, na yeye amechoka kufunga vidonda. Kisha akatugawia jozi tano za viatu vya raba, vilivyovaliwa kwanza na wanafunzi wa huko kwao. Jozi tano, nasi tulikuwa wachezaji saba. Kwa hiyo kila mtu alipobadilishwa, viatu navyo vilibadilishwa. Anayetoka anakimbilia benchi na kuvua, anayeingia anavivaa vikiwa bado na joto na vimelowa jasho la mwenzake. Kitabu kilitoa sekunde ishirini tu za kubadilishana, na kamba peke yake zilikula dakika nzima.

Dawa ya hilo niliipata mimi. Nilitoa kamba zote nikashonea lastiki pana, ile ya kutia kiunoni mwa sketi, na kiatu kikawa kinavulika kwa kuvutwa kisigino mara moja. Tulifanya mazoezi ya kuvua na kuvaa kuliko mazoezi ya kutia mpira kikapuni. Furere alikuja kututazama akiwa na saa yake mkononi, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Hapo likazuka lingine. Kwetu mtu mzima havuliwi viatu mbele ya kadamnasi ili avae mdogo wake. Nahodha wetu, muuza nyama wa sokoni, mtu asiyeogopa fahali, hakuthubutu kumwambia mchezaji: toka, umechoka. Ilibidi mtu aumie. Nahodha akikukonyeza unashika kifundo cha mguu, unachechemea mpaka benchi huku watu wanakupa pole, unavua viatu ukikunja uso. Baada ya dakika tano umepona, unarudi. Timu za Goma, ng'ambo ya mpaka, ziliamini kabisa kwamba watu wa Gisenyi tuna vifundo vibovu. Nami niliandika upuuzi huo wote daftarini, jina linatoka, jina linaingia, nikiuma meno.

Niliuma meno kwa sababu nilitaka kucheza. Hakuna aliyejua. Asubuhi, kabla ya kufungua duka, nilikuwa nikitupa mpira wa matambara kwenye kikapu kilichotoboka nyuma ya nyumba yetu, na nilikuwa sikosi. Nilivuka kwenda Goma nikajinunulia viatu vyangu mwenyewe, vyeupe, vya turubai na soli ya mpira, nikavitia lastiki kama vya wenzangu. Kila Jumapili nilivileta uwanjani ndani ya mfuko wangu, chini ya mabaki ya vitambaa, nikauweka katikati ya miguu yangu chini ya meza. Karatasi ya mechi ilikuwa na mistari ya majina kumi. Nilijaza saba. Mitatu ikabaki mitupu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Kwa nini sikujiandika? Atakayeuliza hivyo hakulelewa na mama yangu. Kwetu ukikaribishwa chakula unasema umeshiba. Unakaribishwa tena, unasema umeshiba. Mara ya tatu ndipo unanawa mikono. Mtu hajitaji mwenyewe. Nilingoja nahodha aseme, "Na we ujiandike," nami ningekataa mara mbili. Nilingoja miaka miwili. Alichofanya yeye ni kunipiga bega na kusema, "We ni mutu wa kitabu. Bila we wangetuibia." Sifa hiyo niliichukia kuliko tusi.

Sasa niseme ya Jumapili ile ya makarani wa Goma. Walikuja na suruali fupi zilizopigwa pasi na viatu jozi kumi, kila mtu vyake. Upande wetu mchezaji mmoja wa akiba alikuwa amekwenda Nyakiriba kumzika shangazi yake, na mazishi hayaahirishwi kwa ajili ya mpira. Akabaki wa akiba mmoja tu, kijana wa Nyamyumba wa rika langu, mtoto wa wavuvi. Kila Jumapili alikuja kwa miguu, saa mbili njiani, na mara nyingi alirudi kwao bila kuugusa mpira. Hakulalamika hata siku moja, na hilo nalo liliniudhi. Nilimwona kama mtu ananionyesha namna ya kungoja.

Siku hiyo alikuja na mama yake, aliyekuwa ameuza samaki wake mapema. Mama alitandika kitenge nyuma ya meza yangu, akaweka kikapu kitupu kando, akaniuliza, "Mwanangu, wa kwangu anaingia saa ngapi?"

"Ataingia, mama. Ngoja kidogo."

"Mi sina haraka. Nimetoka Nyamyumba kwa ajili ya hii tu."

Zilipobaki dakika sita tulikuwa mbele kwa pointi saba. Mrefu wetu, dereva wa lori wa Mbugangari, alikuwa na makosa manne, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwonya nahodha kwa vidole. Nahodha akamkonyeza dereva aumie. Dereva akajifanya haoni. Hasira hasara: dakika hiyo hiyo akamsukuma karani mmoja mgongoni, filimbi ikalia, nikasimama nikainua vidole vitano.

Dereva alikuja mezani. Alikitukana kitabu, akanitukana mimi, akasema mikono yangu ya kushonea wanawake mashati haina haki ya kumhesabu yeye. Kisha akageuka akatoka kwenye lango la shule. Sote tulikuwa tunamtazama usoni na mgongoni. Hakuna aliyetazama miguu yake. Kijana wa Nyamyumba alikuwa amekwisha kupiga goti mbele ya benchi, mikono tayari kuvuta visigino, akabaki amepiga goti vilevile. Mtu mmoja alikimbia kumfuata dereva, lakini lori lilikuwa limeegeshwa nje hapo, na sote tulisikia likiwaka na kuondoka na jozi ya tano.

Kijana akainuka, akaja mezani kama sheria inavyotaka, akataja jina lake na namba ya fulana, namba tisa. Niliandika. Furere akatazama chini.

"Non," akasema. "Miguu."

Nikasimama tena, na safari hii nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Furere, onyesha ukurasa! Kitabu kinasema fulana, kinasema namba. Viatu hakuna. Nimekisoma chote, viatu hakuna!"

"Kitabu ni cha watu wenye viatu," furere akanijibu kwa Kiswahili chake cha polepole. "Na saruji ni yangu."

Nahodha wa Goma akasogea, karani mwenye Kifaransa kilichopigwa pasi kama suruali yake, lakini alisema Kiswahili ili watu wote wasikie. "Bon. Donc wao iko wane. Timu ni batu tano. Mechi imeisha, tumeshinda."

"Haijaisha!" Nilifungua kitabu kwa nguvu hata ukurasa ukachanika pembeni. "Watano ni wa kuanza. Sisi tulianza watano. Mechi ikishaanza inaendelea, na timu inapoteza pale inapobaki na mtu mmoja. Sisi tuko wanne. Nihesabie!"

Furere alivaa miwani, akasoma huku midomo inacheza, akarudia tena. Halafu akarudisha kitabu mezani. "Ni kweli. Wanacheza wanne."

Uwanja ulilipuka. Nahodha wetu alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Mama wa Nyamyumba alipiga vigelegele, ingawa sidhani kama alijua tumeshinda nini. Na muda wote huo mfuko wangu ulikuwa umeuegemea mguu wangu wa kulia, na ndani yake mlikuwa na jozi ya sita.

Viatu vile vingemtosha. Nilijua, kwa sababu tuliwahi kunawa miguu pamoja kwenye bomba la shule na kulinganisha nyayo zetu kwenye tope, tukacheka kwamba tumezaliwa na mguu mmoja. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Jina langu halikuwemo, na kwa sheria niliyoijua kuliko mtu yeyote pale, majina yakishapelekwa kwa mwamuzi hayaongezwi. Mimi nisingeweza kuingia hata kwa muujiza. Yeye alihitaji tu niiname.

Sikuinama. Nimejaribu miaka yote hii kupata sababu nzuri na sijaipata. Niliona aibu: wangeuliza viatu ni vya nani, vimetoka wapi, vilikuwa vinangoja nini chini ya meza, na tamaa yangu ya miaka miwili ingeanikwa pale mbele ya makarani wa Goma. Lakini aibu haikuwa yote. Nilikuwa na hasira pia. Nilijisemea, viatu vyangu vitaingiaje uwanjani kabla yangu mimi? Wahenga wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yangu ilikuwa karibu, nami nikaibana kwa visigino vyangu nikaendelea kuandika.

Walicheza wanne. Kijana alisimama kando ya meza, mikono nyuma, akitazama langoni, huenda dereva akatubu na kurudi. Makarani walipata mtu wao mmoja asiyekabwa na yeyote, na kila mara mpira ulimfikia yeye. Saba ikawa tano, ikawa tatu. Nahodha wetu alianza kuchechemea, na safari hiyo ilikuwa kweli. Mara mbili kijana alijisogeza mpaka kwenye mstari, vidole vya miguu vikagusa saruji, furere akamtazama, kijana akarudi nyuma. Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumefungwa kwa pointi moja. Nikazijumlisha pointi zote mara tatu nikitumaini nimekosea.

Mama wa Nyamyumba alikunja kitenge chake. "Basi saa yake ya kuingia ilipita?" akaniuliza.

"Ilipita, mama."

"Haizuru," akasema, akatangulia.

Nilikuwa nakusanya karatasi nilipoona mkono unachukua mfuko wangu chini ya meza. Alikuwa yule kijana wa Nyamyumba. "Acha mi nikubebee, kaka. Njia yetu ni moja mpaka kwenu."

"Hapana, ni mwepesi, nitaubeba."

"Reka, acha tu, leo huwezi kubeba kitu. Leo ulinisemea kama ndugu ya tumbo moja. Mama alisikia yote." Akautia begani. "Kama ungekuwa na viatu ungevua unipe. Mi najua."

Nikasema ndiyo. Nasema kweli, neno hilo lilinitoka kinywani: ndiyo.

Tulishuka njia ya mjini, mama yake mbele na kikapu kichwani. Yeye alizungumza habari za mechi, alivyokuwa anaona pale pa kukaba, alivyokuwa akimpigia dereva dua arudi. Mimi nilikuwa najibu kwa kuguna. Tulipokaribia nyumbani aliuhamisha mfuko kutoka bega moja hadi jingine, na mkono wake ukautegemeza kwa chini. Niliona vidole vyake vikipita juu ya kitambaa, pole pole, kwenye kisigino, kwenye soli, mpaka mbele.

"Umebeba nini, kaka?"

"Vitambaa."

Tulipiga hatua kadhaa. Kisha akasema, "Vitambaa vya leo iko ngumu." Hakucheka, wala sauti yake haikuwa na ukali. Mbele ya baraza letu alinipa mfuko kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa, akaniaga vizuri, akaongeza mwendo ili amfikie mama yake.

Wiki nzima niliharibu kazi. Nilikata koti la mteja nikaweka mikono miwili ya kushoto, baba akanifokea mbele ya watu, nikamjibu vibaya kwa mara ya kwanza maishani. Nilikuwa nimemkasirikia furere na saruji yake, dereva na kichwa chake, nahodha na bega langu alilolipiga miaka miwili, na mama yangu pia kwa adabu aliyonifunza. Ilipofika Alhamisi hasira zote zilikuwa zimerudi kwangu mwenyewe, hazina pengine pa kwenda.

Jumapili iliyofuata nilifika uwanjani mapema. Alikuwepo peke yake kwenye benchi, miguu imejaa vumbi la njia ya Nyamyumba. Nilitoa viatu mfukoni, vyeupe, havijakanyaga chochote, nikaviweka chini mbele yake.

"Vaa," nikasema. "Ni vyako."

Alivitazama kwa muda. Aliinama akavuta lastiki ya kimoja kwa kidole, akaiachia, akaonekana kuikagua kazi yangu.

"Umeshona muzuri," akasema. Halafu akavisogeza pembeni kwa upande wa mguu, taratibu, mpaka vikawa karibu na miguu yangu. "Aksanti, kaka. Mi nitangoja vya timu."

Nilisema tena, vaa. Nikasema mara ya tatu. Kwetu, kama nilivyoeleza, mara ya tatu ndipo mtu ananawa mikono. Yeye alitikisa kichwa, akageukia lango kuona kama dereva anakuja. Nikaenda mezani, nikafungua kalamu, nikaanza kuandika majina.